Sheikhe Aliyeingia Ukumbini kwa Waya

Shangazi yangu hana mzaha na taarab. Kanda za Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma na Zein l'Abdin alizinunua enzi zile duka la Mbwana Radio, Mji wa Kale wa Mombasa, na nyingine zilirekodiwa harusini hasa, mpaka vigelegele vya marehemu nyanya vimo. Mwanawe aliyeko Uingereza alizichukua zote, akazihamishia kwenye kompyuta yake kanda baada ya kanda, akazijaza ndani ya iPod classic, ile yenye gurudumu kifuani, akamletea mamake. Tangu hapo hakuna harusi ya ukoo inayopita bila "mashine yangu". DJ akija, huelekezwa kwenye biriani.

Safari hii bi harusi alitaka nyimbo mpya. Si nyingi, chache tu za vijana, za usiku wa kupamba. Shangazi akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba za zamani zisiguswe. Nikamwambia tumngoje mwanawe, si aja likizo mwezi ujao?

"Harusi ni Ijumaa, nawe wanambia mwezi ujao? Wata maneno."

Akatia buibui lake, akaenda Mwembe Tayari kwa kijana mmoja fundi wa simu. Kijana ana adabu, ana kompyuta, na ana baba mpenzi mkubwa wa mawaidha. Hilo la baba tulikuja kulijua baadaye, tena kwa sauti kubwa.

Nieleze kilichotokea kule dukani, maana kuna majirani mpaka leo wanasema ni jicho la hasidi. iPod huolewa na kompyuta moja. Nyimbo hushuka kutoka iTunes, programu ya muziki ya kompyuta hiyo, kuingia ndani yake; kurudi juu, hazirudi. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya mtu mwingine, iTunes huuliza, kwa Kiingereza cha heshima kabisa: hii ina maktaba nyingine, je, niifute kisha niijaze vilivyomo humu? Kijana alikuwa na wateja wamemsimamia kichwani, kila mmoja na simu yake. Akabonyeza ndiyo. Bhalo akaenda, Zuhura akaenda, vigelegele vya nyanya vikaenda. Zikaingia nyimbo za bi harusi, na pamoja nazo kila kitu ambacho baba mtu alikuwa amekihifadhi humo. Shangazi akalipa, akashukuru, akasukuma kile kitufe cha juu cha kufunga ili wajukuu wasichezee, akaitia mkobani.

Usiku wa kupamba ukumbi ulijaa. Asumini zanukia, mikono yameta hina, bi harusi kakalishwa juu kwenye kiti chake, mato chini kama ada itakavyo. Nikachomeka waya kwenye spika; Shangazi akaifungua, akaianzisha, akaifunga tena. Shangazi hupenda nyimbo zichanganyike zenyewe, kwa hivyo hakuna aliyejua ipi itaanza. Ikaanza moja ya zile mpya. Wasichana wakainuka, wakatunza, raha tupu. Ikaisha.

Kisha spika zikanguruma: "Innal hamda lillah..."

Mitandio ikarudi vichwani ukumbi mzima kwa pamoja. Waliokuwa wamesimama wakaketi. Tulidhani kuna mtu kapanga dua ya kufungulia shughuli, na wazo lenyewe lilionekana zuri. Mama wa bi harusi hata alinikonyeza kunipongeza.

Lakini dua haikuisha. Sheikhe akaingia kwenye mada, na mada ilikuwa israfu katika harusi.

Akaanza na wanaokopa ili waonekane. Mama wa bi harusi akaacha kukonyeza. Akaja kwa wanaoazima dhahabu. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akaanza kushusha mkono wa gauni, taratibu, mpaka bangili zote zikapotea. Akaja kwa wanaobeba chakula cha shughuli kwenye mifuko, na nikasikia upande wa nyuma mfuko wa nailoni ukifungwa kwa siri, kitu ambacho nailoni haikubali. Alipofika kwa wanaokesha na muziki, ukumbi wote ulinigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimeshika waya.

Nikabonyeza kusimamisha. Imefungwa. Kile kitufe cha juu ni kidogo, nami kucha zangu zilikuwa mbichi rangi. Waya ningeweza kuuchomoa, naam, lakini niambieni, nani atamkatiza sheikhe katikati ya aya? Nilimtazama Shangazi. Shangazi alitazama dari. Bi harusi, ambaye haruhusiwi kuinua uso, alikuwa akitetemeka mabega, na mamake akampelekea leso akidhani analia.

Sheikhe alimaliza mwenyewe, kwa wakati wake. Tukaitikia amin. Kikafuata kimya kidogo, halafu: "Innal hamda lillah..." Sehemu ya pili.

Hapo somo wa bi harusi akainuka, akauchomoa waya, akatangaza, "Kenda kuswali, atarudi." Akaagiza ngoma.

Mwanawe Shangazi alipofika akasema dawa ilikuwa ndogo: kile kisanduku cha kusimamia muziki kwa mkono kingetiwa alama kwenye kompyuta yake mapema, iPod ingepokea mpya bila kufuta za zamani. Akaichomeka kwenye kompyuta yake. Swali likaja lile lile: niifute, niijaze? Akainua kidole.

"Usifute!" Shangazi akamdaka mkono. "Sheikhe wangu yumo humo."

"Mama, si nakurudishia taarab zako?"

"Zirudishe. Naye abaki."

Kumbe alikuwa akimsikiliza kila baada ya alfajiri. Basi mwanawe akafungua folda zile zilizofichwa ndani ya iPod, akayanakili mawaidha kwanza, ndipo akaijaza upya. Nyimbo zilirudi na majina yake. Mawaidha hayakuwa yameandikwa majina ndani ya faili, kwa hivyo yalibaki na yale ambayo iPod yenyewe huyapa mafaili yake, herufi nne zilizotupwa ovyo. Sasa wanawake wa mtaani humjia Shangazi na simu zao, wakae barazani, wamuombe awachezee VQJT wairekodi. Sehemu ya pili, wanasema, ni LKWD, na ndiyo kali zaidi.