Mianzi ya Guan Daosheng na hoja ya uani

Ukisoma habari za wanawake waliochora kwa wino nchini China, kuna hoja utakayokutana nayo mara kwa mara: walichora maua, ndege na wadudu kwa sababu hivyo ndivyo vitu walivyoviona uani kwao. Milima na mito waliachiwa wanaume, waliokuwa huru kusafiri.

Hoja hiyo ina uzito. Mwanamke wa ukoo wa heshima hakuwa na ruhusa ya kutembea apendavyo, na desturi ya kufunga miguu ya wasichana ili ibaki midogo ilizidi kumbana. Mitihani ya serikali ilikuwa ya wanaume. Wengi wa wachoraji hao walijifunza kwa baba au mume. Wen Shu (1595–1634) wa Suzhou, bingwa wa maua na vipepeo, alitoka katika ukoo wa mchoraji mkubwa Wen Zhengming. Bila ukoo huo huenda leo tusingemjua.

Lakini ukiitazama michoro yenyewe, hoja inaanza kupwaya. Guan Daosheng (1262–1319) alisifika kwa mianzi, na mianzi ilikuwa mali ya wasomi wanaume: hupinda kwa upepo bila kuvunjika, hubaki kijani wakati wa baridi, hivyo wakaifanya alama ya muungwana. Katika mchoro wake wa mwaka 1308, uliopo katika Makumbusho ya Taifa ya Kasri mjini Taipei, hakuchora shina moja kwa karibu kama wengi walivyozoea. Ameyapanga machaka kando ya maji, ukungu ukiyakata katikati. Ya mbali ni wino uliozimuliwa kwa maji hadi unakaribia kutoweka. Wino ukishagusa karatasi haufutiki, kwa hiyo kila jani ni uamuzi wa mara moja. Na maandishi yake mwenyewe yanaeleza kwamba aliuchora akiwa ndani ya mashua, ziwani. Uani hapo uko wapi?

Tena yupo Ma Shouzhen (1548–1604) wa Nanjing, mwanamke wa starehe aliyepokea wasomi na kujadiliana nao mashairi. Huyo kuta za ukoo hazikumfunga, na bado alichagua okidi. Mtu anaweza kusema okidi ndizo wateja wake walizozitaka, nami nakubali kwa sehemu. Ila wasomi wanaume nao walizichora hizohizo, na hakuna anayewaita wafungwa.

Kwangu mimi, vizuizi vinaeleza vizuri ni nani aliyepata nafasi ya kushika burashi. Havielezi alichokifanya nayo. Mahali vilipouma zaidi ni kwenye jina: hata sifa ya mwanamke ilipitia familia yake. Mfalme Renzong wa nasaba ya Yuan alipoutukuza mwandiko wa Guan, aliamuru uhifadhiwe pamoja na wa mumewe, Zhao Mengfu, na wa mwana wao, ili vizazi vijavyo vijue kwamba enzi yake ilikuwa na familia moja ambayo mume, mke na mtoto wote walikuwa hodari wa kuandika.