Leza ya femtosekunde kwenye konea: inashinda kisu wapi?
Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, leza ilimpiga mwanafunzi mmoja jichoni kwa bahati mbaya. Daktari Ron Kurtz alipomchunguza alikuta jeraha dogo la mviringo, safi, pembeni hapakuungua. Kutoka kwenye ajali hiyo leza ya femtosekunde ikaingia katika upasuaji wa konea, kioo cha mbele cha jicho, chenye unene wa kama nusu milimita.

Siri ni ufupi wa mpigo wa mwanga: femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa vipande milioni bilioni. Kwa sekunde moja mwanga huzunguka dunia mara saba. Kwa femtosekunde 100 haumalizi hata unene wa unywele. Joto halipati muda wa kusambaa. Panabaki kiputo, na viputo vikipangwa ubavu kwa ubavu, tishu inaachana.

Katika LASIK, upasuaji wa kurekebisha uoni, leza hii hufungua kifuniko cha konea tu, yaani tabaka jembamba la juu linaloinuliwa. Kurekebisha uoni ni kazi ya leza nyingine, ya eksima, inayochonga konea chini ya kifuniko. Zamani kifuniko kilikatwa kwa kisu cha mashine, na wanaokitetea kisu wana hoja: mwaka mmoja baadaye wagonjwa wa pande zote mbili huona karibu sawa, ilhali leza ni ghali na gharama humwangukia mgonjwa. Hapo nakubaliana nao. Lakini kisu kinaweza kutoboa kifuniko katikati, au kuzama kuliko ilivyopangwa, na konea iliyobaki nyembamba mno huweza kuchomoza mbele miaka baadaye. Kwa mwenye konea nyembamba tangu awali, tofauti ya maikroni 30 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) si ndogo hata kidogo.

Kinachonivuta zaidi ni SMILE, njia nyingine ya kurekebisha uoni kwa leza hii, ambayo madaktari wa macho Walter Sekundo na Marcus Blum waliiendeleza Ujerumani. Hakuna kifuniko. Leza huchonga lenzi ndogo ndani ya konea yenyewe, kisha daktari huivuta kwa koleo kupitia mkato wa milimita chache: kipande angavu, chembamba kama utando wa kitunguu. Neva zinazokatwa ni chache, hivyo ukavu wa macho hupungua. Kisu hakiwezi kazi hii. Ila mgonjwa akitikisika, pete inayoshikilia jicho huweza kuachia katikati ya kazi. Na uoni usipokaa sawa, hakuna kifuniko cha kuinua ili kurekebisha.

Ningekuwa mgonjwa, nisingeanza kuuliza jina la mashine. Ningeuliza konea yangu ina unene gani, na chini ya mkato zitabaki maikroni ngapi.