Mawe ya Cruester: kuyahamisha au kuyaachia bahari?

Kisiwa cha Bressay kiko Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti, ng'ambo ya mji wa Lerwick. Pale Cruester, ukingoni mwa maji, palikuwa na lundo la mawe yaliyoungua tangu Zama za Shaba, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Ndani yake mlikuwa na jengo la mawe lenye birika (tangi la maji), meko na vyumba vidogo. Watu walipasha mawe moto mekoni, wakayatumbukiza birikani mpaka maji yakapata moto. Jiwe likipashwa na kuzimwa mara kadhaa hupasuka, nalo hutupwa nje. Lundo ndilo hayo yaliyotupwa.

Bahari ilikuwa ikilimega. Mwaka 2000 wanaakiolojia walilichimbua, na mwaka 2008 jengo la ndani lilifumuliwa, likajengwa upya karibu na kituo cha urithi cha kisiwa. Je, ilikuwa sahihi?

Wanaopinga uhamisho wa namna hii wana hoja nzito. Wataalamu bado wanabishana malundo haya, yaliyotapakaa Uskoti na Ireland, yalikuwa ya kazi gani: kupika nyama, kuoga kwa mvuke, kutengeneza pombe, au kushughulikia ngozi na nguo? Sehemu ya jibu imo katika mahali penyewe: maji yalitoka wapi, watu waliishi umbali gani. Birika likihama, hayo hayahami nalo.

Hata hivyo, naungana na waliohamisha. Bahari isingengoja mabishano yaishe, na uchimbaji ulikwishatangulia. Tena, jengo lililosimama upya huwapa watu nafasi ya kuwasha moto na kujaribu wenyewe. Majaribio hufundisha mengi. Huko Ireland, miaka ya 1950, mwanaakiolojia M. J. O'Kelly alichemsha lita 454 za maji kwa mawe ya moto kwa muda wa kama nusu saa, na paja la kondoo lililofungwa majani makavu likaiva kwa muda usiofika saa nne. Hilo halithibitishi kuwa nyama ndiyo iliyopikwa zamani, ila linaonyesha kuwa iliwezekana.

Kinachoniuma ni lundo. Kilichobebwa ni jengo tu. Mgeni anayeinama leo kutazama birika haoni jinsi mawe yaliyopasuka yalivyorundikana kulizunguka, na wingi wake ndio ungemwonyesha ni mara ngapi moto uliwashwa pale.