Gari ya umeme na mlima

Nyinyi mnaosema ati gari ya umeme haiwezi mlima, kwani hamjaskia zile mbio za magari za kupanda mlima Pikes Peak kule Marekani? 2018 dereva Romain Dumas alipanda na Volkswagen ID. R, gari ya mbio ya umeme, dakika 7 sekunde 57, akavunja rekodi ya 2013 ya Sébastien Loeb, dereva wa rali, na ya Loeb ilikuwa Peugeot ya petroli. Kona 156 kwa kilomita karibu 20, unamalizia mita 4,302. Huko juu hewa ni nyepesi, injini inakosa pumzi, lakini mota ya umeme haipumui so haina shida. Sisi wa Nakuru hii maneno tunaijua, lori ikitoka Salgaa kupanda Mau Summit na mzigo ni moshi mweusi tu, turnboi anatembea kando na jiwe mkononi tayari kuweka nyuma ya tairi, na hapo hata mita 3,000 haijafika! Ila hewa nyepesi pia haikandamizi gari vizuri kwa kona, ndio maana ile ID. R ilikuwa na bawa kubwa hivyo nyuma. Chenye hakinibambi ni sauti, mimi rali bila mngurumo sijui nitashangilia nini hapo Naivasha kwa Safari Rally.