Glopu ya dari si taa ya kusomea

Pita mtaa wa Ngamiani, Tanga, baada ya Isha uchungulie madirishani. Karibu kila nyumba ina glopu moja katikati ya dari, nyeupe pepe, kama kaunta ya duka la dawa. Sebuleni hivyo, chumbani hivyo. Mimi imenichosha.

Bibi yangu, umeme ukikatika, aliwasha chemli akaiweka juu ya kigoda, usawa wa bega la kushoto, kisha akafungua msahafu. Ukurasa unaonekana vizuri, ukumbi wote umetulia. Glopu yangu ina mwanga mara nyingi zaidi ya ile chemli, na bado nilikuwa nasoma nimekunja uso.

Kumbe tatizo ni umbali. Umbali wa taa ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika kitabuni haubaki nusu, hubaki robo. Halafu ukiinama, kichwa chako chenyewe kinatia kivuli kwenye mistari. Ndiyo maana taa ndogo ya mezani ya wati 5, ikikaa karibu na bega, inaishinda ile kubwa ya juu. Kwa umeme wa Luku nayo haina neno: ukiiwasha kwa muda wa saa nne kila usiku, uniti moja inakwenda siku 50.

Rangi je? Tazama boksi, tafuta namba yenye herufi K. 6500K ni ule weupe wa kuelekea buluu, unaouchelewesha mwili kuingia usingizini. 2700K ni wa manjano, kama wa chemli. Nilipoiulizia dukani, muuzaji alicheka: "Ya njano ya nini dada, unafuga vifaranga?"

Na hapo ndipo tulipo. Taa nyeupe kwetu ni heshima. Kaka yangu anasema mgeni akikuta sebule ya manjano atadhani tumefulia. Basi sebule nimemwachia.

Mama ndiye alikuwa na hoja ya kweli: "Mwanangu, huku kwako kiza." Macho ya mtu wa umri wake yanahitaji mwanga mwingi kuliko yangu, na kusoma kwenye duara moja la mwanga huku chumba kizima ni giza totoro kunachosha pia. Nikamwongezea taa ndogo ukutani, nyuma ya kiti. Tangu siku hiyo taa yangu ya mezani iko chumbani kwake, nami narudi kusoma chini ya ile ya dari.