Kifurushi Kilichokula Kifurushi
Mwana wa ndugu yangu alikuja Idi akaniachia balaa. Kompyuta yangu ilikuwa ikijikokota kama punda aliyepakiwa mawe, naye akasema, "Ami, tukutilie Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ni bure." Akanipa na historia yake: imetoka 2004, aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe kwa lugha za huko ndilo utu. Nikaona jambo la utu halikataliwi. Asubuhi akapanda boti ya Mokowe, mimi nikabaki hapa Lamu na utu wangu.

Sasa kuna video ya harusi ya binti wa shangazi. Ina urefu wa saa tatu, na karibu nusu yake ni vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini. Inataka kukatwa. Nikapiga simu. "Andika sudo apt install kdenlive, Ami, hiyo Kdenlive ndiyo programu ya kukatia video, basi." Hiyo sudo, ya kuomba idhini ya mkubwa wa mashine, mimi naona ni sujudu iliyokatwa mkia, maana usiponyenyekea hufanyiwi kitu. Ikadai neno la siri. Naandika, haitoki herufi, haitoki nyota, haitoki hata nukta. Nikasema chumvi ya bahari imekula vibonye. Nikaipindua kompyuta, nikaigonga mgongoni, ikamwaga mchanga na kipande cha bajia, sijui ya Ramadhani ipi. Kumbe toleo nililotiliwa ndivyo lilivyo! Unaandika gizani ili aliye nyuma yako asihesabu hata herufi. Nyuma yangu alikuwapo paka.

Nikarudia, ikaniambia kufuli limeshikwa: kuna masasisho yanajiendea chini kwa chini, nisubiri. Hilo nalielewa. Kwenye vichochoro vya Mkomani punda wawili wenye mizigo hawapishani.

Halafu ikaja orodha ya vifurushi, ndivyo ziitwavyo programu zinazopakuliwa. Jamani, mimi nimeita mmoja! Lakini Kdenlive ni wa ukoo wa KDE, na mashine yangu ni ya ukoo wa GNOME, koo mbili mbalimbali za programu, basi bwana hakukuta nduguze ikabidi aje nao: wajomba, masomo, wapiga ngoma, skrini nzima, wote mlangoni wanauliza Y ama n. Nikabonyeza Y kwa haya, kama mtu anayesema karibuni na chapati ni mbili. Kifurushi cha kompyuta kikala kifurushi changu cha simu, kile cha intaneti cha wiki nzima, na adhuhuri haijaadhiniwa.

Kukata nikakata. Vugo la shangazi nikaliondoa lote, nikaona nimewahurumia watu.

Kazi ikisha, nikataka nafasi yangu. Nikaandika apt remove, amri ya kuondoa. Akatoka yeye, ukoo ukabaki umejilaza. Mashine yenyewe ikanong'ona kwamba hawa hawahitajiki tena, niwatoe kwa apt autoremove. Nikawatoa. Kwa ushaki wangu nikaandika dpkg -l, inayoorodhesha vifurushi, kuhakikisha, nikakuta majina mengine yana rc ubavuni: ameondolewa, faili za mipangilio zimebaki. Yaani mtu kesha kwenda zake, makubadhi yako mlangoni! "Hapo ni purge, Ami, inafagia na mipangilio. Mbona hukuanza na purge?" Ningeijua vipi, na mwalimu yuko Mombasa anakula mishikaki?

Nikapurge. Nikanawa mikono.

Magharibi shangazi huyo. "Mbona mimi simo? Vugo langu li wapi?" Basi sujudu tena, neno la siri gizani tena, wajomba na wapiga ngoma tena, na kifurushi kingine cha simu. Programu ikafunguka, na kazi yangu ya juzi imo kwenye orodha vilevile kama nilivyoiacha. Hilo sikuambiwa: purge haikanyagi folda yako ya nyumbani, na mengine hujibanza humo ndani ya .config, folda yenye nukta mbele ya jina, usiione ukipita.

Jina la faili nilikuwa nimelitia saa saba usiku, kichwa kinaniuma: vugo_la_shangazi_limetosha.

Safari hii aliyekuwa nyuma yangu si paka.