Vichwa Vinne vya Hongo

Mjomba wangu wa Kilwa alinionya mapema. Nilimpigia simu kumpa habari kwamba nimeanza masomo ya uzamivu na kwamba nitaandika juu ya hongo. Akanyamaza. Nikasikia redio yake, nikasikia na mbuzi. Kisha akashusha sauti: "Mjomba, hongo haichunguzwi na mtu mmoja anayepanda daladala. Waachie TAKUKURU, wao wana magari."

Nikamfafanulia kwamba hongo ninayoisema mimi si mlungula. Ni wale wajumbe wa Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, waliotembea kijiji hadi kijiji wakigawa dawa ya maji, mbono na mtama ili risasi ya Mjerumani igeuke maji. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba kule Nandete, na vita vya Maji Maji vikawaka. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na hao wajumbe walikuwa wanatembea bure?"

Nikamwambia salio linaisha.

Nimefundisha historia sekondari miaka tisa. Kinjeketile nilikuwa namchora ubaoni kwa chaki, na ndevu namwekea. Kwa hiyo chuoni (sitakitaja, hakina kosa) niliingia kifua mbele. Wiki ya pili kifua kikarudi mahali pake. Kumbe mwaka wa kwanza husomi historia. Unasoma jinsi watu walivyogombana kuhusu namna ya kuandika historia. Tulikuwa wanne darasani. Jumatatu tunapewa vitabu vitatu, Alhamisi tunaulizwa mwandishi anabishana na nani. Mimi usiku kucha nilikuwa najua anabishana na mimi. Nikajifunza kusema "suala hili ni changamani" halafu kunywa maji taratibu. Glasi moja ukiinywa kisomi inakula dakika mbili.

Msimamizi wangu, Profesa, alikuwa na swali moja tu maishani: pengo. Nikimwamkia shikamoo ananijibu, "Marahaba, pengo umeliona?" Pengo maana yake ni kitu ambacho hakuna mtu amekiandika. Sasa Maji Maji utapata wapi pengo? Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitawanyika vijijini kuwahoji wazee walioikumbuka vita. Mimi nimefika wazee wamekwisha, na wasomi wameshasaga mpaka pumba. Yakabaki majalada ya Kijerumani, yale yenye herufi G, pale Nyaraka za Taifa, Upanga.

Kijerumani nilikisoma miezi minne, jioni, kwa kulipia. Niliweza kuagiza supu na kuuliza treni inaondoka saa ngapi, jambo ambalo kwa mtu wa kusini, ambako treni hakuna, lilikuwa elimu ya anasa. Halafu lugha ile inamhadaa Mswahili. Shule ni neno lao. Hela ni Heller yao, sarafu waliyoanza kuitoa mwaka 1904. Ukijumlisha hayo mawili unajiona umeshafika nusu ya safari.

Ambacho sikuambiwa ni kwamba makarani wa enzi zile hawakuandika herufi hizi za kawaida. Waliandika mwandiko unaoitwa Kurrent. Humo e inafanana na n. Herufi u ni n iliyovalishwa kofia. Ile s ya katikati ya neno inasimama ndefu, usijue ni f au ni h. Ukiutazama mstari mzima unaona meno ya msumeno. Nilichapisha karatasi ya alfabeti hiyo nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Mke wangu alipoiona aliuliza kama ni kombe, na kama nimeshalinywa.

Basi Jumanne moja mwezi wa saba nikafungua jalada la ofisi ya wilaya, na ukurasa ukanitazama. Karatasi ya rangi ya chai, kona moja imeliwa na mchwa, imepigwa mistari kwa rula kuwa safu tano: tarehe, kitu, kimetoka kwa nani, bei, maelezo. Mwaka 1903. Nikaweka alfabeti yangu pembeni, nikaanza kuchonga neno moja moja. Ilinichukua saa tatu kupata mistari miwili.

Wa kwanza: 20 Führer. Maelezo: 3 tot.

Wa pili: 4 Köpfe Hongo. Maelezo: 1 ausgelaufen.

Jamani. Führer ni viongozi. Tot ni kufa, hilo hata kamusi sikuifungua. Kopf ni kichwa, Köpfe ni vichwa. Laufen ni kukimbia, aus ni nje: amekimbilia nje. Ametoroka! Viongozi 20, watatu wamekufa. Hongo wanne, mmoja katoroka. Na safu ya tatu inasema wameletwa na jumbe, mkuu wa kijiji chini ya Wajerumani, yaani msaliti tunaye. Tena 1903! Kinjeketile mwenyewe hakupandwa na pepo mpaka 1904. Historia yote ya Maji Maji irudi nyuma mwaka mzima, na wa kuirudisha ni mimi.

Mstari wa tatu ulisema Reis, mchele, magunia mawili. Huo niliusoma sawasawa kabisa. Nikaona ni chakula cha wafungwa.

Nilitoka nje nikanunua maji, nikanywa chupa nzima nimesimama. Nikampigia mke wangu: "Tumetoka!" Akauliza tumetoka wapi.

Profesa alipoiona tafsiri yangu alivua miwani. Akauliza jambo moja la maana, ambalo leo hii likinijia usiku naamka: "Umempata mtu mwingine wa kukusomea?" Nikamjibu nimeshahakiki. Nilichokuwa nimehakiki ni kwamba picha ukiikuza kwenye simu, ukaipunguza, ukaikuza tena, bado inasema vilevile.

"Lete kwenye semina ya idara," akasema.

Nilivaa koti la shemeji yangu, mikono inafika kwenye kucha. Ukumbi ulijaa, kwa sababu habari ilishasambaa na pia kwa sababu kulikuwa na sambusa. Mstari wa mbele Profesa alikuwa amemketisha mgeni wake: Sista mzee wa Kijerumani, mmisionari aliyeishi Songea miaka zaidi ya hamsini, Kingoni anakisema kama aliyezaliwa nacho. Alikuwa amekuja Dar kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja limefunikwa pamba, la pili limetulia tuli. Nilimwonea huruma, bibi wa watu, hataona slaidi zangu.

Nikashusha mada yangu. Mtu mmoja akauliza kichwa kinatorokaje. Nilikuwa nimejiandaa: ni namna ya kuhesabu watu, nikasema, kama tulivyokuwa na kodi ya kichwa. Hata angekuwa amekatwa kweli nisingeshangaa, nikaongeza, maana Wajerumani na vichwa tunajuana. Fuvu la Mkwawa liliandikwa ndani ya Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, na halikurudi Kalenga mpaka 1954. Watu wakatikisa vichwa vyao wenyewe. Nikaona ndiyo nafasi ya kugonga msumari.

"Tazameni safu ya bei," nikasema. "Kuna nini? Kistari. Kwa nini kistari? Kwa sababu, mabibi na mabwana, uhai wa Mwafrika haukuwa na bei."

Nikanyamaza sekunde tano. Zile sekunde nilizifanyia mazoezi mbele ya kioo. Dada mmoja wa mwaka wa pili akatoa kitambaa mkobani. Hapo, nakiri, utamu ulinizidi. Hakuna aliyenituma. Nikaomba sote tusimame dakika moja kuwakumbuka mashujaa watatu waliokufa na ambao historia imewasahau.

Ukumbi mzima ukasimama. Profesa akasimama, mikono mbele. Mkuu wa idara akasimama. Kijana wa sambusa akasimama na koleo lake. Sista naye akajiinua polepole, akainamisha kichwa, nikaona midomo inatembea, nikajua anawasalia.

Tulipokaa, akanyoosha kidole. "Mwanangu, naomba uikuze hiyo picha."

Nikaikuza.

"Kidogo tena."

Herufi zikawa kubwa kama mikono ya watu. Sista akasogea mpaka kwenye ukuta, jicho lake moja likafuata wino. "Mama yangu," akasema, "barua zake zote aliniandikia hivi." Kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega tu, akajizuia kwa sababu ni mtu wa dini.

"Hii si F, ni H. Hühner."

Mimi neno hilo nilikuwa nalijua. Lilikuwa somo la tatu, sokoni. Magoti yakanitoka.

"Kuku," Sista akawafasiria wengine. "Kuku ishirini. Na hapa ni T, si K. Töpfe. Vyungu. Vyungu vinne. Halafu hii," akaweka kidole juu ya hongo wangu, "Honig. Asali."

"Na ausgelaufen?" Sauti ilikuwa ya Profesa, ila imepungua.

"Kimevuja. Chungu kimoja kimevuja."

Nilijaribu kupigana. Mtu anayezama hushika hata povu. Nikasema, "Lakini Sista, wale watatu waliokufa?"

"Hao wamekufa kweli," akanijibu kwa upole wa kitawa. "Safari ndefu, mwanangu. Labda tenga lilikuwa dogo."

Hakuna aliyeongea. Kila mtu alikuwa anapiga hesabu ileile: kwamba wasomi thelathini na kitu, wakiwamo maprofesa wawili na mtawa, walikuwa wamesimama wima dakika nzima kwa ajili ya kuku watatu. Dada wa mwaka wa pili akarudisha kitambaa mkobani. Halafu kijana wa sambusa akaangusha koleo, na baada ya hapo sikumbuki vizuri, isipokuwa kwamba mkuu wa idara alikuwa amejishika kwenye kiti cha mbele yake, machozi yanamtoka, anasema "mchele... mchele wa wafungwa..." na hawezi kumaliza.

Wiki ile niliingilia mlango wa nyuma. Haikusaidia. Wenzangu wakanipa cheo, Jemadari wa Kuku, na kila nikikatiza ukumbini kuna mtu anaulizia hali ya wale kumi na saba walionusurika. Meseji za kikundi chetu ziligeuka picha za mizinga ya nyuki. Nyumbani mke wangu alibandua alfabeti ukutani bila kusema neno, akaikunja, akaiweka chini ya Msahafu, mahali ambapo huwa anaweka mambo yaliyomshinda.

Siku ya nne nikajikaza kwenda kwa Profesa. "Shikamoo."

"Marahaba," akasema. "Pengo nimeliona."

Hakunifukuza. Alinipeleka kwa Sista, ambaye alikuwa bado anasubiri jicho la pili kwenye nyumba ya masista mjini, na kila Jumamosi asubuhi akawa ananifundisha kuandika Kurrent kabla ya kuisoma. Nilikaa meza moja na mtu mzima wa miaka themanini na ushei, nikijaza daftari la mistari kwa n, e, n, e, kama mtoto wa chekechea. Nikikosea kofia ya u ananigonga kidole na penseli. Mwezi wa pili nikasoma mstari mzima peke yangu, wenye vitenzi vyake vyote, kutoka jalada lingine. Ulihusu punda anayekohoa. Nilirudia mara nne kabla ya kuthubutu kusema ni punda.

Kwa mjomba sikupiga kwa muda mrefu. Alipiga yeye. Alitaka kujua hongo imefikia wapi, na mimi nikaona mtu wa kwetu hafichwi, nikamweleza yote, kuku, vyungu, dakika ya kusimama. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Hiyo asali ilitoka kwa nani?"

"Kwa jumbe. Imeandikwa."

"Ikaenda kwa nani?"

"Bomani. Kwa bwana shauri."

"Na kuku?"

"Vilevile."

"Na mchele?"

"Vilevile, mjomba."

"Wakamlipa jumbe bei gani?"

"Hakuna bei. Pana kistari."

Nikasikia redio. Nikasikia na mbuzi.

"Kuku ishirini, asali vyungu vinne, mchele magunia mawili, kutoka kwa jumbe kwenda kwa mkubwa, bila bei," akahesabu taratibu. "Mjomba, siku ile ya kwanza mimi nilikuambia ni nini?"

Nikamwomba asikate, natafuta kalamu. Salio, nikamwambia, nitamtumia mimi.